Dume Aliyetema Watoto

Jumamosi, Hasamba. Ukungu umetukalia tangu asubuhi. Mwezi huu wa saba samaki wangu hawali, wamejichimbia chini bwawani kukimbia baridi. Nawaonea wivu, maana mimi sina pa kujificha.

Nina aibu. Nalisema mapema kabla sijaanza kujitetea, kwa sababu kujitetea nakuweza sana.

Kabla sijafungua kundi la wafugaji kwenye simu, wateja wa vifaranga wangu wa sato walikuwa majirani na watu wa kanisani. Nilipoanza kurusha picha za bwawa mtandaoni, wakanitafuta watu wa Mkwajuni, wa Ileje, hata wa Tunduma wenye ndugu ng'ambo ya mpaka. Huko huko mtandaoni nilijifunza kwa nini samaki wanapanda juu alfajiri wakihema, na namna ya kuwaokoa. Bando limenifaa kuliko semina zote nilizowahi kukalia benchi.

Ila huko huko niliona wauzaji wenzangu wote wanaandika "madume tupu". Kwa asiyefuga: sato jike akishakomaa kidogo anazaa, tena anazaa bila kupumzika. Bwawa linajaa wadogo, chakula kinagawanyika, mwisho hakuna anayekua. Ndiyo maana kila mtu anataka madume. Wenye vifaa wana namna ya kuwapata. Mimi sina. Kifaranga wa ukubwa wa kidole cha mwisho huwezi kumjua jinsia kwa kumkodolea macho, na hilo nalijua vizuri.

Nikaandika madume tupu.

Niliogopa kuonekana mshamba. Sina sababu nyingine, nimeitafuta siku mbili nzima.

Mama Tusajigwe wa Mbebe alinunua kwangu mwaka jana. Ni mjane, ananizidi umri sana. Bwawa lake amelichimba kwenye bustani ya bondeni ambayo shemeji zake walitaka ibaki ya mboga. Aliwaomba, akawaonyesha maneno yangu kwenye simu, wakamwachia kwa shingo upande. Ameniambia mwenyewe kwamba samaki wasipokua, bustani inarudi kwao.

Juzi mchana akatuma video kwenye kundi, watu wote wanaona. Amevua samaki mmoja kupima ukuaji, amemweka kwenye beseni, na samaki anatema vijisamaki kutoka mdomoni, vingi, vinatawanyika majini. Jike la sato ndivyo linavyolea, linaficha watoto mdomoni. Sauti yake ikasikika nyuma, ya furaha kabisa: "Mwanangu, huyu dume wako mbona anatema watoto? Ndiyo kawaida yao?"

Nikafuta. Mimi ndiye admini, nilifuta kwa wote kabla sijafikiri.

Halafu nikakaa kuangalia nani alikuwa ameshaona.

Baada ya muda akanitumia ujumbe wa sauti, mimi peke yangu. Alisema, "Nisamehe mwanangu. Haya mambo ya simu sijayazoea. Nahisi nimekosea pa kutuma, nimekuaibisha mbele ya wateja wako."

Mimi nikamjibu, "Usijali, mama."

Usijali, mama! Mtu mzima ananiomba msamaha kwa uongo wangu, na mimi namsamehe. Tangu juzi chakula hakipiti. Mume wangu ameniuliza kama naumwa, nikamweleza yote nikitegemea atanitetea. Akasema tu kwamba nilipofutia ndipo niandikie. Nilinuna. Nilinuna kwa sababu nilikuwa nalijua hilo kabla hajafungua mdomo.

Nilianza kuandika hapa kwenye blogu kwanza. Hapa ni rahisi, Mama Tusajigwe hasomi blogu. Nimefika katikati nikajiona: hata kutubu nimetafuta kona ya kujificha. Nikaiacha, nikaingia kwenye kundi.

Nimeandika hivi: "Video ya Mama Tusajigwe niliifuta mimi. Yeye hakukosea. Yule ni jike. Vifaranga wangu wote niliouza kama madume ni mchanganyiko, na nilijua. Aliyenunua kwangu aniambie, nitakuja na wavu. Sasa wamekua, wanatambulika kwa mkono, tutawatenganisha mmoja mmoja."

Wa kwanza akatoka kwenye kundi. Wa pili akatoka. Mwingine wa Mkwajuni akaandika kwamba alishangaa tangu zamani ila aliona haya kuuliza. Hiyo imeniuma kuliko waliotoka.

Nilikuwa nasubiri mtu mmoja tu. Akaja kwa sauti, safari hii kwenye kundi, taratibu, bila ile furaha: "Nimesikia, mwanangu. Sasa hawa shemeji zangu niwaambie nini?"

Nimesikiliza mara nne. Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana.

Nimemjibu palepale, mbele ya wote, kwamba asiwaambie kitu. Awaombe tu wawepo nyumbani Jumatatu. Nitapanda Mbebe na wavu wangu, na kabla sijaingia bwawani nitawaambia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba shemeji yao hakushindwa kufuga.

Kule hakuna kitufe cha kufuta. Nitaanzaje?