Mkaguzi wa Madirisha

Kwa kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi, na kwa binti yenu ambaye nasikia sasa anakimbia nyumba nzima. Kifua chako kimepona? Mimi mzima, cherehani nayo nzima, ila macho ndiyo yananidai miwani.

Nakuandikia habari za kanisani, na najua ukifika hapa utakuwa umeshakunja uso. Tangu yule mkaguzi wa shule mstaafu asimame siku ya kumweka mtoto wenu wakfu, akasema mbele ya Wasabato wote kwamba mkufu wa wifi usipande madhabahuni, eti Msabato havai mapambo, hujakanyaga tena pale. Sikulaumu. Ila nivumilie mpaka mwisho.

Mkaguzi bado ni yule yule. Mhubiri akizidisha dakika, anakohoa. Kwaya ikikosea, anafunga kitabu kwa kishindo. Basi mchungaji akamkabidhi madirisha. Kila akiinua kidole kwenye Shule ya Sabato, mchungaji anajipepea: ndugu yetu, joto hili, hebu tufungulie. Akirudi kitini, somo limeshahamia kwingine. Akiinua tena, mchungaji anaona baridi. Bawaba zimelegea, na wenye mafua tumeongezeka.

Mimi mashemasi waliniketisha karibu naye, eti nina mdomo. Sabato moja akaingia msichana mgeni, gauni fupi kidogo, nikaona kidole cha Mkaguzi kinapanda, naye anainuka. Kaka, nilimkanyaga kwa kisigino, nikakandamiza mpaka akaketi. Akaninong'oneza kwamba nimemkanyaga. Nikamjibu najua. Weee, yule mtu alicheka! Alijiziba kwa leso, mabega yanatikisika mahubiri yote.

Wiki hiyo akaniletea suruali niipunguze. Akakosoa pindo, nikamwambia akae ashone mwenyewe. Akakaa kweli. Kesho yake akaja na shati ambalo halikuwa na kasoro yoyote, nikajua hakufuata shati. Ndipo akanieleza habari za marehemu mkewe. Kila alipotaka kusimama aseme watu, mama yule alikuwa akimvuta koti kwa nyuma. Siku ya mtoto wenu mkewe alikuwa amelazwa, na hakutoka tena hospitali.

"Hakukuwa na wa kunivuta," aliniambia. "Lakini mdomo ni wangu, na kosa ni langu."

Alilia pale pale mbele ya cherehani yangu, katikati ya vitambaa vya watu. Nilijaribu kumchukia kwa ajili yako, kaka, nikashindwa.

Anataka kunioa. Nami nampenda, nisikufiche. Ujane umenichosha, nimechoka kupika chungu cha mtu mmoja. Lakini nimemwambia wazi kwamba bila wewe na wifi hakuna ndoa. Hakubisha, na huyo ni mtu anayebishana hata na saa ya ukutani.

Jumapili tutakuja. Anataka kumwomba wifi msamaha, na amesema atasimama nje mpaka wifi mwenyewe amkaribishe. Mkikataa, nitamsindikiza kituoni, nitampa mkono, yaishe. Sitakununia, wewe ndiye uliyenilea. Nitarudi kwenye kazi zangu kama zamani.

Ila kaka, usikatae.

Nibusieni mtoto, mwambieni shangazi anamshonea gauni. Mungu awatunze mpaka tuonane.

Ni mimi,
mdogo wako mshonaji