Mwendo wa Kogo Kwenye Kioo

Herndon, Virginia
Ijumaa, Oktoba

Kwako Kogo, bibi yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu sote, na kabla sijasema lolote naomba kujua: ile nyonga inakuacha ulale? Baba anasema operesheni ni Alhamisi ijayo pale Eldoret, na kwamba umewaambia madaktari wafanye haraka kwa sababu mahindi hayatajivuna yenyewe. Nilicheka, halafu nikaogopa. Sisi hapa tu wazima. Mama bado anafanya zamu za usiku hospitalini, na mimi niko shule, sina la kulalamikia.

Barua hii inaletwa na Mzee Ochieng wa kanisani kwetu. Anaruka kesho jioni kwenda kumwona binti yake anayefundisha hapo Eldoret. Nimemwomba aitie mkononi mwako, asimpe mtu mwingine hata akiombwa vizuri. Unanijua, nikipewa simu nasema niko sawa Kogo, na kuirudisha kwa Mama. Kwenye karatasi angalau hakuna anayenitazama. Mwalimu Dorothea, yule Mtanzania anayetufundisha Kiswahili kila Jumamosi, hajaisoma hii, kwa hivyo makosa yote ni yangu.

Kuna jambo, Kogo. Baba na dada yake, Senge Lorraine, hawazungumzi. Labda umelisikia kwenye sauti zao wakikupigia, kila mmoja kwa wakati wake. Nimetaka ulipate kwangu kabla hujalipata kwingine.

Wewe unamjua Baba kama mtu wa katuni. Najua bado unawasimulia majirani juu ya yule mbuzi wake aliyekuwa akipiga mswaki kwenye televisheni. Huku alichora katika studio moja kule Fairfax mpaka ikafungwa, kisha akakaa nyumbani muda mrefu, akiosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi. Ndipo bustani moja ya burudani upande wa Maryland ikamchukua, hizi bustani zenye vigari vinavyokimbia juu ya reli watu wakipiga mayowe. Kazi yake ni kutengeneza viinimacho: moshi usio na moto, mvua isiyolowesha, mtu unayemwona kwenye kioo na hayupo. Aliniambia ni kazi ileile, ila sasa katuni zimetoka kwenye karatasi na kusimama chumba kimoja na watu. Lakini yuko kwa majaribio. Kazi yake ya kwanza ikipendwa atabaki. Isipopendwa, atarudi kwenye vyombo vyake safi.

Sasa, Baba hachori mwendo kutoka kichwani. Anasema kichwa kinadanganya. Lazima mtu auigize kwanza, Baba amrekodi, halafu achore juu ya mwili ule, picha baada ya picha. Hata yule mbuzi, kumbe alikuwa Baba Mdogo akitambaa sebuleni.

Kazi aliyopewa ni nyumba ya mizimu, kwa zile siku za mwisho wa Oktoba ambapo watu wa huku hulipa ili watishwe. Mgeni anakaa kwenye kigari, kinampitisha gizani, na mwishoni kuna dirisha kubwa la kioo. Hapo anatokea mwanamke mzee. Hadithi yao inasema alifia humo akisubiri wageni. Anatoka ukutani, anapita polepole, anasimama, anageuka kukutazama, anayeyuka. Bosi wake Baba, anaitwa Ethan, alisema hicho ndicho kitu bora katika nyumba nzima.

Jumamosi iliyopita ilikuwa siku ya familia za wafanyakazi, kabla ya kufunguliwa kwa watu wote. Senge alikuja kutoka Wheaton na Mwalimu Dorothea, wote wawili wamevaa kama wanakwenda harusini. Mimi nilikaa nao kigari kimoja, katikati. Senge alikuwa akicheka njia nzima, akimtania Baba ambaye hayupo, eti huyu kaka yangu analipwa dola kututupia utando wa buibui usoni, kwa nini asije kwangu jikoni achukue wa bure. Tukafika kwenye kioo. Yule mwanamke akatoka ukutani, mkono mmoja kiunoni, akasimama, akakung'uta mguu kama mtu aliyeingiwa na kijiwe kwenye kiatu, akarudisha kitambaa nyuma ya sikio, ndipo akatutazama.

Kogo, Senge alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia. Aliita Mama! Akataka kushuka, na kile kigari hakisimami, kina chuma kinachokubana mapajani. Mwalimu Dorothea alidhani ni sehemu ya maonyesho, akapiga makofi.

Kule nje kwenye maegesho Senge hakujali nani anasikia. Alimwambia Baba kwamba mtu aliye hai hawekwi kati ya wafu. Alimuuliza, Cheruiyot, umekosa wafu wa kutosha huko Amerika mpaka uazime mama yetu? Na siku chache zijazo anaingia theatre kupasuliwa! Alisema yeye anawaosha wazee wa watu kila siku, anawageuza kitandani, na hajawahi kumwita hata mmoja maiti kabla ya siku yake. Jambo lolote likikupata kwenye ile meza ya madaktari, atajua mkono wa nani ulianza. Baba alisimama na funguo za gari mkononi. Alisema tu, ni kazi yangu, Lorraine, nilaumu mimi. Senge akajibu kwamba asipoiondoa ndani ya wiki, atakuambia wewe mwenyewe Jumapili hii baada ya ibada, ujue mwanao amekufanya nini.

Tangu hapo nyumba yetu imekuwa kama imejaa maji. Baba alimwendea Ethan, na Ethan akasema anaweza kumtoa yule mwanamke na kuweka mifupa ya plastiki ya dukani, lakini basi haoni sababu ya kumbakisha aliyemtengeneza. Baba atoe jibu Alhamisi. Alhamisi hiyohiyo yako. Anakula wima. Mama akimwambia akae, anasema amekaa.

Hapa ndipo naogopa, lakini nitaandika. Kogo, aliyekuweka kwenye kioo si Baba. Ni mimi.

Alinihitaji gerejini kwetu, akanifunga shuka, akawasha kamera, akasema nitembee kama mwanamke mzee. Hakusema yupi. Na mimi simjui mwanamke mzee mwingine. Wazee wa huku nawaona kwenye magari tu. Nilikuwa mdogo tulipokuja kwako na Mama, lakini nilikuwa nakufuata kutoka jikoni mpaka zizini nikikanyaga ulipokanyaga. Nikatembea hivyo. Nilipofika kwenye ule mguu, Baba aliinua uso kutoka kwenye kamera. Alikutambua, Kogo. Hakuniuliza kitu. Aliniambia nirudie. Nikarudia, akaniambia tena. Baba hajaweza kuja nyumbani kwa sababu ya makaratasi yake ya uhamiaji, unajua. Fundi mmoja wa taa aliniambia kwamba asubuhi, kabla wengine hawajafika, Baba huwasha kile kioo peke yake na kusimama mbele yake mpaka umalize kupita.

Na pale kwenye maegesho alijua, na mimi nilijua, na nilinyamaza nimeshika mkoba wa Mwalimu.

Jana baada ya shule nilipanda treni peke yangu mpaka Wheaton. Nilimkuta Senge mlangoni, amevaa nguo za kazi, anakwenda zamuni. Nilimwambia yote, kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kiingereza ningejificha. Hakuniamini. Alisema namfunika baba yangu. Akanyoosha kidole kwenye ujia wa ghorofa lao, akasema basi tembea nione.

Nikatembea, Kogo. Jirani mmoja alifungua mlango na kuufunga. Nilipokung'uta mguu, Senge alipaza sauti kwamba huo si mguu wenyewe, Mama anakung'uta wa kushoto, tena kisigino kwanza! Akanionyesha. Senge mwenyewe, na viatu vyake vya kazi, mkono kiunoni, mpaka kwenye lifti. Alipofika hapo aligundua anachofanya, akajiziba mdomo. Mwishowe akasema hatakuambia kitu Jumapili. Nikuambie mimi, na neno lako ndilo atakalolifuata.

Kwa hivyo nakuomba, ukishasoma, Mzee Ochieng akupigie namba yangu, si ya Baba. Nitapokea na nitaongea. Ukisema haifai uonekane pale, nitamwambia Baba mwenyewe kwamba umekataa, na tutakachopoteza tutapoteza. Ukisema ubaki, mwambie Senge kwa lugha yenu, ili asikie vizuri. Na kwa vyovyote niambie kama nimekukosea. Mimi nilikuwa nimekukumbuka tu.

Nisalimie Baba Mdogo na wote wa hapo nyumbani. Mungu akusimamie Alhamisi, akutoe humo ukigombana na manesi. Simu yangu itakuwa imewaka, hata darasani.

Ni mimi mjukuu wako anayekupenda,

Jelagat