Mtu mzima akikimbia Nkuhungu

Alhamisi. Upepo wa Julai umevuma tangu alfajiri, vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria ya uji. Miguu inauma, ila aibu inauma zaidi.

Nimeacha mbio. Yaani asubuhi nilikuwa nimeacha. Sasa hivi jioni sijui.

Mwanangu Tabu ndiye aliyeniandikisha. Ni mbio ndefu, kutoka Makutupora mpaka mjini, Jumapili ya wiki ijayo. Akaniletea na raba za mtumba, nyekundu, bado nzima. Siku hizi mitumba imeruhusiwa, hata sisi wa viatu vya matairi tumepata raba. Nikamwambia, mimi mbio za kuandikishwa sijawahi. Akasema, "Mama, si wewe unayetusimulia habari za ndege kila siku?"

Kweli nawasimulia. Utotoni kule Mlali kazi yangu ilikuwa kufukuza ndege kwenye uwele. Mama anakaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti, anapiga debe. Mimi niko chini nakimbia. Ndege wakitua huku, niko huku. Wakihamia kule, niko kule. Uwele ulikuwa mrefu kunishinda, masuke yananipiga usoni, na Mama anaita jina langu ili ajue nilipo. Naitika huku nakimbia. Sikumbuki kuchoka. Nakumbuka harufu ya uwele unapoanza kukauka, na kicheko cha Mama kule juu.

Ndege hao hao ndio walionitoa shule darasa la tatu. Siwalaumu sana.

Halafu nikavunja ungo, na bibi akasema basi. Mwanamke mzima hakimbii. Akikimbia, watu wajue kuna jambo.

Nikatii. Tangu hapo nimekimbia mara mbili tu. Tabu alipomwagikiwa na uji wa moto, na siku nilipoletewa habari ya msiba wa Mama.

Sasa leo. Nimetoka kabla jua halijachomoza, khanga kiunoni juu ya suruali ya Tabu. Nikampita Mama Zubeda, jirani yangu muuza vitenge, anafagia uwanja. Nilitaka kumsalimu, pumzi ikagoma. Nikampungia mkono tu nikapita.

Kumbe hapo ndipo nilipoharibu.

Narudi, nakuta uwanja wangu umejaa majirani, khanga zimefunika vichwa. Mmoja kaja na mzigo wa kuni, mwingine na unga kwenye ungo. Mume wangu yuko kwenye kigoda, anauliza nani amekufa, na kila anayemuuliza anamwambia pole.

Mama Zubeda akanishika mikono, machozi yanamtoka. "Pole, Mama Tabu. Ni baba yako wa Mlali?"

Ikabidi niseme. "Hajafa mtu. Nafanya mazoezi ya mbio."

"Mimi nimeacha maharage yanaungua," akasema yule wa unga, "kumbe mwenzetu anacheza."

Mama Zubeda akajifuta macho. "Kuni zilizoletwa kilioni hazirudi. Bandika chai, marehemu tutamtafuta baadaye."

Wakacheka, wakanywa chai, wakaondoka. Mimi nikavua raba nikazisukuma uvunguni. Nikaona bibi alikuwa na haki. Ningeweza kumuua mtu kwa mshtuko, na Jumapili ndiyo mji mzima utaniangalia.

Mchana mume wangu akaniambia, taratibu, macho yake yako kwenye jembe analolitia mpini: "Ulipokuwa unakuja pale njiani, kabla hujawaona watu, ulikuwa unacheka peke yako. Nikajua msiba hakuna."

Sikujua kama nilikuwa nacheka.

Nimekaa na neno hilo mpaka sasa. Mimi ni mtu wa hofu. Mtoto akichelewa kidogo, roho inanitoka. Zile mara mbili nilikimbia kwa hofu. Leo, kutoka pale kwenye mibuyu nilipogeuzia mpaka nyumbani, sikumhofia mtu yeyote, hata Tabu. Nilikuwa namsikiliza Mama ananiita, nami naitika.

Raba nimezitoa uvunguni, nimezikung'uta vumbi.

Kesho, kabla sijaanza, nitapita kwa majirani nyumba kwa nyumba. Nitawaambia: wote wazima, nakimbia tu.