Kichwa cha Mbuta Mezani pa Patroba Okanya

Mwaka umetimia, Patroba Okanya, Baba Ronald wetu, tangu moyo wako ulipokuangusha ghafla, na bado kuna Jumamosi ambapo Leonida mkeo huamka akidhani amekusikia ukitafuta gambuti zako za kuvulia.

Watu wa Busia, pande zote mbili za mpaka, walikujua kama ajenti wa kupitisha mizigo forodhani, mtu asiyepandisha sauti hata dereva wa lori akimfokea. Sisi tulikujua zaidi kwa ndoano. Kila Jumamosi ulipanda boda hadi Majanji, ukaingia ziwani mpaka maji yakakufika kiunoni, ukarusha mshipi nyuma ya mawimbi kuwangoja mbuta, yaani sangara, wanaofuata dagaa karibu na mchanga. Wavuvi wa nyavu walikucheka, maana kwao ndoano ya fimbo ni mchezo wa watoto. Resty, anayeuza chai pale ufukweni, hachoki kusimulia: "Mimi nasema, mzee, wewe kubwa hivi, nunua boti! Yeye nacheka tu, naomba chai ingine."

Ulikuwa mkarimu. Jirani alipata samaki kabla hajaomba. Kitu kimoja tu hukukigawa, nacho ni kichwa. Kwetu kichwa cha samaki ni cha mwenye nyumba, nawe ulikichokonoa taratibu, mfupa kwa mfupa, umefumba macho. Emmy, kitinda mimba wako, alipokuomba jicho ulimwambia, "Kajenge nyumba yako kwanza."

Ulipoondoka, Leonida aliacha kupika mbuta. Tulidhani ni huzuni, na huzuni ilikuwepo, lakini pia hakujua kichwa akiweke mbele ya nani. Akimpa Ronald, atakuwa amemtwika kijana nyumba kabla ya wakati wake. Akimpa Wandera, mdogo wako, atakuwa amekubali arithiwe naye awe mkewe, neno ambalo wazee walikuwa wakimnong'oneza tangu matanga yaishe. Hakulitaka. Alikupenda, akataka kubaki mkeo. Ila kuwaambia wazee hivyo machoni ni kazi nyingine.

Mwezi uliopita Wandera alikuja na wazee wawili, na mbuta mkubwa mkononi. Hakuna aliyeuliza maana yake. Leonida alimpokea samaki, akashukuru, akamkaanga na kumuunga kwa nyanya nyingi. Watu wakanawa mikono. Wazee wakapata vipande vyao, Wandera akatiliwa mkia na ubavu mnono. Kisha Leonida akaketi kwenye kiti chako, akavuta sahani yenye kichwa mbele yake.

Mzee mmoja akakohoa. "Mama Ronald, hicho ni cha mwenye nyumba."

"Ndiyo, baba," alijibu kwa adabu. "Ndiyo maana ninakila. Shemeji, ongeza ugali."

Wandera alimtazama, akautazama mkia wake, akaangua kicheko mpaka akapaliwa. "Basi wazee wangu, tumejibiwa. Tuleni, chakula kinapoa."

Hakuna aliyelirudia neno lile tangu siku hiyo, na Wandera amebaki shemeji mwema kama alivyokuwa. Tunamshukuru hapa mbele ya watu.

Siku ile Leonida naye alimega shavu la samaki akalitia kinywani, machozi yakamtoka bila kujificha. Akainua macho kwenye picha yako ukutani. "Baba Ronald," akasema, "kumbe ni tamu hivi, na miaka yote hiyo ulikuwa unakula peke yako!"

Unakumbukwa na mkeo Leonida. Wanao Ronald, Maximilla na Emmy. Mdogo wako Wandera. Dada yako Syprose wa Paya pamoja na wajukuu zake. Na marafiki zako wa forodhani na wa Majanji. Pumzika kwa amani ya Bwana. Siku zote tutakukumbuka, na uchoyo huo mmoja tumekusamehe.