Mashine ya Risasi Uliyomtumia Baba

Ruring'u, Nyeri
Jumapili, 20 Julai

Mpendwa ndugu yangu Chris,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Baba. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo huko Marekani. Sisi hatujambo, ila baridi ya Julai mwaka huu imeingia hadi kwenye mifupa. Baba alikohoa wiki mbili, sasa ana nafuu. Ungeyajua haya kama ungekuwa unapokea simu zangu.

Naandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu unanikata nikianza tu kueleza, na pia kwa sababu Baba husema maneno mazito hayaandikwi kwa kidole gumba. Unajua kwamba tangu mwaka juzi ni lazima nimsomee kila barua kabla ya kuifunga bahasha. Anasema anapima Kiswahili changu, mimi mwalimu wa miaka ishirini na sita. Hii nitamsomea salamu peke yake. Mengine nitayaruka, maana nimekasirika, na niliyemkasirikia ni wewe.

Nianze na ile mashine. Ulipochoka kutuma pesa za risasi kila mwisho wa mwezi, ungesema umechoka. Badala yake ukatuma sanduku, na ndani yake mashine ya kujaza upya maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa. Ukaandika na hesabu: risasi ya dukani shilingi mia tatu, ya kujitengenezea mia moja na ishirini, na ati huko kwenu kila mlenga shabaha hufanya hivyo, kabla ya mwaka kwisha mashine imejilipa. Baba, sajini mzima aliyetunza ghala la silaha miaka kumi na tisa, alinisomesha ujumbe huo mara tatu. Kisha akaifunga mashine kwa skurubu kwenye meza ya cherehani ya Mama. Ndiyo, ya marehemu Mama. Cherehani yenyewe akaiweka chini sakafuni.

Sasa nikupe hesabu ya huku. Usafiri na ushuru ulikuwa elfu arobaini na moja, na nililipa mimi. Baruti hukuifikiria. Baba alikwenda kwa Mzee Shantilal, yule aliyekuwa na duka la bunduki mjini kabla hajastaafu, akaambiwa kwamba akiagiza kutoka Nairobi itamgharimu kuliko risasi zenyewe. Mzee akamhurumia akampa mkebe uliobaki alipofunga duka, pamoja na fataki ndogo za kuwashia baruti. Alimwonya kwamba kazi hii ni rahisi kwa mtu asiyehesabu saa zake. Baba akajibu kwamba saa anazo tele. Halafu sikiliza: zamani alikuwa akipiga risasi ishirini kwa mwezi. Zilipokuwa za bei nafuu, akawa anapiga sitini. Sukari ikishuka bei, chai huzidi utamu. Akiba iko wapi hapo?

Sitakuficha, alifurahi. Akishakunywa uji alikuwa akikaa mezani akifuta maganda moja moja kwa kitambaa, akiimba nyimbo za gwaride. Kila Jumamosi alikwenda na Ngatia kwenye uwanja wa shabaha wa njia ya Mweiga. Ngatia unamkumbuka, walikuwa kituo kimoja cha polisi, na ndiye aliyeshika jeneza la Mama upande wa mbele. Risasi za Ngatia pia alizitengeneza Baba, akamwekea kwenye kopo la siagi.

Mwezi wa tano, siku ya Ijumaa, wakaja askari wawili. Walikuwa na adabu, walimwita Mzee. Walisema leseni yake ni ya kuwa na bunduki na risasi za kununua, si ya kufungua kiwanda nyumbani. Wakachukua mashine, makopo yote mawili ya risasi, lake na la Ngatia, bunduki na leseni yenyewe. Baba alifunga vifungo vyote vya koti akasimama wima langoni hadi gari lao likapotea. Tangu siku hiyo hana Jumamosi. Hanunui risasi hata moja, Chris. Hapo kweli umemwokolea pesa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini yako imemfikia mzee wetu.

Ubaya zaidi ni kwamba Baba anaamini Ngatia ndiye aliyemchoma kwa polisi, kwa kuwa nje ya nyumba hii, ukimtoa Mzee Shantilal ambaye asingejichongea mwenyewe, hakuna mwingine aliyeijua ile meza. Ngatia huja kila Jumapili baada ya misa na chupa ya maziwa, na kila Jumapili Baba huniagiza niseme amelala. Wiki iliyopita Ngatia aliniambia hatafuti kitu, anataka tu kujua alikosea wapi. Nikapokea maziwa. Baba alipokuwa akinywa chai ya maziwa hayo hayo akasema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimeshika birika, namwongezea.

Chris, nimekutukana karatasi nzima ili nisifike hapa. Aliyepiga simu kituoni ni mimi.

Baba haoni, ila vivuli tu, na shabaha alikuwa akiipiga kwa mazoea. Ndiyo sababu namsomea barua, si kupima Kiswahili. Alhamisi, siku moja kabla ya askari kuja, nilipotoka shule nilimkuta mezani. Mizani alikuwa ameiacha kwa sababu tarakimu zake ni ndogo, anapima baruti kwa kijiko cha sukari na kupapasa mdomo wa ganda kwa kidole. Nikamwona akimimina, akikohoa, kisha akimimina tena kwenye ganda lile lile. Akalifunga, akalitia kwenye kopo la Ngatia. Mimi sijui bunduki, lakini mara mbili naijua. Jumamosi risasi ile ingelipuka kando ya shavu la Ngatia.

Nilihitaji kusema maneno mawili tu: Baba, huoni. Nikashindwa. Ni yeye aliyenifundisha kusoma, kidole chake kikitembea chini ya mstari. Ilikuwa rahisi kumwitia baba yangu polisi kuliko kumwambia. Kisha ikawa rahisi zaidi kumwacha Ngatia abebe lawama miezi miwili. Kwa hiyo hasira hii nusu ni yangu. Ile nusu yako usinirudishie.

Nimebadili nia. Nitamsomea yote, leo hii, hata pale nilipokuita mjinga moyoni.

Wasalimie wifi na watoto, waambie babu yao anawakumbuka kwa majina. Nawe jitunze, na simu ipokee.

Ni mimi dada yako,
Risper

Nyongeza: Nimemsomea, sikuruka mstari. Nilipofika pale pa kwamba haoni, nilianza kuikunja karatasi, naye akaniambia niendelee. Nilipomaliza akaomba viatu na koti. Tulipokuwa tukienda kwa Ngatia alinishika mkono nimwongoze, jambo ambalo hajawahi kulikubali, na alinishika njia nzima kama askari aliyemkamata mwizi. Nimemwacha huko, wanakunywa chai. Mkono bado unaniuma.