Uyoga Uliomngoja Mgeni

Nyanga, Bukoba

Mpendwa mjukuu wangu Kokusiima,

Barua yako nimesomewa na shangazi yako, maana macho yangu hayataki tena mwandiko mdogo. Sisi ni wazima, kahawa imeanza kuiva, na babu yako bado anabishana na redio.

Unasema huko chuoni mnapima kemikali ili mjue uyoga umekomaa, unauliza sisi tulijuaje. Tulinusa. Katika kijiji chetu cha ujamaa kule Muleba tuliotesha uyoga kwenye makapi ya kahawa. Asubuhi moja ulinukia vizuri, nikamwambia mwenyekiti uchumwe siku hiyohiyo.

"Ndugu, mgeni wa wilaya anakuja Jumamosi," akanijibu. "Aukute mkubwa."

Tukangoja siku tatu. Jumamosi ulikuwa mpana kama sahani, umemwaga vumbi jeupe, unanuka kama samaki aliyelala. Mgeni alitafuna kwa muda mrefu, kisha akausifu ukubwa wake.

Kemikali zenu sizijui, lakini naamini zitawaambia kweli. Ila siku mtakapokuwa na hakika, atatokea mtu wa kuwaambia mngoje. Mimi nilikuwa na hakika, na mgeni aliposifu nikapiga makofi.

Bibi yako anayekuombea,
Ma Paulina