Credo ndani ya chumba cha mtihani

Inès, umepita wapi? Nimekutafuta getini. Niko hapa Mbarara bado.

Umeona alichonifanyia yule msimamizi? Nilikuwa kwenye maneno magumu ya Kiingereza, nikakuta "incredulous". Nikafanya kama kawaida: nikaimba Credo ya misa bila sauti, midomo tu ikicheza, nitafute mzizi wa neno. Credo ni nasadiki. Basi huyo ni mtu asiyesadiki. Rahisi!

Kumbe yuko juu yangu. "Wewe Élyse, toa hiyo kitu iko ndani ya sikio! Nani anakusomea majibu?"

Kitu gani jamani? Akanifungua kitambaa cha kichwa mbele ya watu wote, akapekua nywele. Nywele, Inès! Hakupata kitu.

Nikamwambia ni Kilatini, nimekitoa kwenye kwaya yetu ya kambini Nakivale. Akanikazia macho. "Mkimbizi na Kilatini? Basi eleza hii neno."

Nikamjibu: "Ni mtu kama wewe. Anapekua, hapati kitu, na bado haamini."

Chumba kizima kikacheka. Akaniacha nimalize.

Lakini aliniita kwa jina, na hakuna aliyekuwa amevaa kibandiko cha jina. Alienda moja kwa moja sikioni. Kuna mtu alimwambia mapema kwamba midomo ya Élyse itacheza, na kwa nini.

Ile njia ya kuimba nimemwonyesha mtu mmoja tu. Na mtihani huu una nafasi moja tu ya kusomeshwa bure. Na wote walipocheka, nyuma yangu kulikuwa kimya.

Nyuma yangu ulikaa wewe.